Mteja Aliyeingia Tangini

Mtu akikuambia kwamba roboti hujengwa na watu watulivu waliovaa makoti meupe, mlete kwangu. Ya kwetu ilijengwa na binti wa saluni, kijana mrefu kupita kiasi aliyegonga kichwa mlangoni kila asubuhi kana kwamba mlango ulihamishwa alipokuwa amelala, na mimi, ambaye wenzangu waliniita Gundi kwa sababu kitu nikishakiziba hakifunguki tena. Jina hilo nililipenda na bado nalipenda. Lakini habari hii si yangu, ni ya yule binti, tuliyemwita Msusi.

Tulikuwa naye darasa moja la umeme katika chuo cha ufundi. Siku ya kwanza kuingia karakana, mwalimu alituambia tupange nyaya zetu ziwe nadhifu. Sisi wengine tulizifunga kwa utepe. Yeye alizisuka. Alizisuka tatu tatu, zimebana, zimelala upande mmoja, akafunga ncha kwa uzi, kisha akazipuliza kidogo kama anayeondoa nywele zilizokatika shingoni mwa mtu. Mwalimu aliizunguka ile meza akitafuta kosa, akalikosa. "Haya, endelea," akasema, kwa sauti ya mtu aliyefungwa bao la mapema.

Mama yake alikuwa na saluni ndogo ya viti viwili, beseni moja, draya moja ya kusimama yenye kofia kubwa ya kukaushia nywele, na kioo kilichofunika ukuta mzima. Msusi alikulia humo. Alijifunza kutembea akishikilia magoti ya wateja na akajua kusoma kwa kusoma makopo ya mafuta ya nywele, ndiyo maana neno la kwanza aliloandika bila kusaidiwa lilikuwa "haidondoshi". Kazi yake ya kwanza maishani ilikuwa kusimama nyuma ya mteja na kioo kidogo cha mkono, ili mteja aone kisogo chake kwenye kile kioo kikubwa. "Inua. Shusha. Kushoto kidogo," wateja walimwambia, naye akatii akiwa anatazama ukutani, si mikono yake. Kwa hiyo kushoto na kulia alivijulia kiooni. Mpaka leo ukimwelekeza njia, anainua macho kwanza kama anayetafuta kitu juu ya kichwa chako, halafu anashika njia siyo. Tulimcheka sana kwa tabia hiyo.

Nyuma ya saluni ndipo walipoishi, na humo aliishi pia mjomba wake, kaka wa mama, mtu mwembamba mwenye kicheko kikubwa kuliko yeye mwenyewe. Mjomba alifanya kazi kiwanda cha mafuta ya kupikia. Matangi makubwa ya chuma yakishamwagwa mafuta, chini hubaki tope zito, na tope hilo huziba wavu wa kutolea maji ya kuoshea. Mjomba aliingia ndani kupitia mlango wa duara wa ubavuni, akalikwangua mpaka wavu uzibuke. Tope likikaa huoza, na likioza hutoa hewa mbaya ambayo haikupi hata nafasi ya kukohoa.

Basi watu wa kazi ile wana desturi yao. Anayeingia hufungwa kamba kiunoni, na mwenzake hubaki mlangoni ameishika ncha ya pili. Kila baada ya muda mfupi wa nje huita, "Upo?" Wa ndani hujibu, "Nipo." Ukiitwa usipojibu, unavutwa kama ulivyo, haijalishi umesimama au umelala. Mjomba aliizoea desturi hiyo hadi ikamfuata nyumbani. Ukigonga mlango wa bafu, hasemi "kuna mtu", anasema "nipo". Na Msusi tangu mdogo, akitoka shuleni, alisimama kizingitini akaita, "Mjomba, upo?" Akijibiwa "nipo", ndipo alipouweka mkoba chini. Asipojibiwa alizunguka nao mgongoni mpaka mjomba atoke kazini, hata kama ni wakati wa kula.

Siku moja mjomba aliitwa akiwa tangini, hakujibu. Wakamvuta. Alipozinduka sakafuni mwa kiwanda, macho mekundu, swali lake la kwanza lilikuwa, "Nani amekula chakula changu?" Jioni aliisimulia nyumbani kama kichekesho, akiigiza sura ya kila mtu, na mama mtu akacheka huku anajifuta macho. Msusi naye alicheka. Halafu akaenda saluni, akaketi chini ya draya nywele zake zikiwa kavu kabisa, akaiwasha ivume, asisikike akilia.

Kesho yake aliingia karakana na kutangaza kwamba mradi wetu wa mwisho wa masomo ungekuwa kitu cha kuingia tangini badala ya mtu. Hakuuliza. Yule mrefu, ambaye jina lake la chuoni lilikuwa Mlingoti, alikuwa na wazo la geti linalojifungua lenyewe. Mimi nilikuwa na wazo la kulala. Tulimtazama usoni, tukayaacha mawazo yetu hapo hapo.

Ee bwana, jinsi tulivyofurahi miezi ile. Tulipata mota mbili za kiti cha magurudumu kilichochakaa. Minyororo ya kutambalia tuliitengeneza kwa mipira ya matairi. Mlingoti alichonga mkono wa bomba wenye bati la kukwangulia mwishoni, na kila alipoujaribu aliangusha kitu cha mwalimu. Ubongo tuliutoa kwenye gari la kuchezea. Kwa kuwa mawimbi ya rimoti ya kawaida hufia ndani ya chuma, tuliipa waya mrefu kama mkia, ukiishia kwenye kisanduku chenye kijiti kimoja cha kuendeshea. Kilichobaki ni paa la kuizuia isilowe matone. Ndipo Msusi akaja amekumbatia kofia ya draya. Alisema imeharibika. Niliiona siku chache kabla ikifanya kazi, lakini sikuwa na haja ya kuingilia mambo ya familia ya watu.

Tulipoifunga ile kofia juu ya mwili, tulirudi nyuma kutazama, kisha tukacheka mpaka Mlingoti akakaa chini. Roboti yetu ya kazi za hatari ilikuwa imekaa mfano wa mama wa makamo anayesubiri nywele zikauke aende harusini. Tukamwita Mteja. Tangu hapo hakuna aliyesema tena "roboti" wala "mashine". Ilikuwa "Mteja amekula chaji?" na "Mteja usimguse, amelowa."

Mjomba alikuja kumwona. Alimzunguka mikono nyuma, akainama, akachungulia chini ya kofia.

"Huyu mbona hasalimii wakubwa?" akauliza.

"Mjomba, hana mdomo," Msusi akasema.

"Mpeni. Mtu anaingia sehemu yangu ya kazi, halafu hata shikamoo hana?"

Tukamwekea honi ya baiskeli ya umeme, na kitufe chake tukakiweka kando ya kijiti. Mjomba aliporudi, Msusi akabonyeza. Piii.

"Marahaba," akajibu mjomba, hata bila kutabasamu, na akavuta kiti akakaa.

Sasa nieleze karakana yetu ilivyokuwa, maana kila kitu kilitokea kwa sababu yake. Ilikuwa nyembamba kama ukumbi wa kupitia, mlango huku, na soketi pekee yenye umeme kule mwisho ukutani. Mteja alilala kule akichaji. Sisi tulisimama huku mlangoni penye hewa. Kila jaribio lilianza hivyo hivyo: tunamwita, anakuja. Na nani angetaka kumwona anaondoka? Raha yote ilikuwa ile sura inayokukaribia chini ya kofia, inayumba kidogo, inasimama mbele ya miguu yako na kupiga honi. Akifika tulimbeba, tukamrudisha ukutani, tukamwita tena. Tulikuwa kama ukoo mzima unaomshangilia mtoto anayeanza kutembea.

Siku ya kuunganisha kijiti, Msusi alikisukuma kushoto, akamtazama Mteja anayekuja, akahamisha nyaya mpaka Mteja akaja kushoto. Kushoto kwetu. Sisi tukapiga makofi. Aliendesha kwa namna ambayo ungelipa kiingilio kutazama: alimpitisha Mteja katikati ya chupa za soda zilizosongamana, na alimfanya azime taa kwa mkono ule wa bati. Wala hakuna hata mmoja wetu, mwalimu akiwemo, aliyewahi kuuliza kushoto kule kulikuwa kwa nani.

Kamera ilikuja mwishoni kabisa. Tuliiazima kibandani kwa mlinzi wa chuo, pamoja na runinga yake ndogo. Tuliifunga chini ya kofia, tukaona ukuta wa karakana kwenye runinga, tukaridhika. Halafu nikafanya kazi yangu. Hewa ya tangini haitaki cheche wala mota hazitaki maji, kwa hiyo niliziba kila tundu, kila kiungo, kila skrubu, Mteja pamoja na kisanduku chake, kwa gundi nyeusi ya mpira. Kumfungua ingehitaji patasi na siku nzima, na kumziba upya siku nyingine ya kukauka. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya.

Kiwandani tulipokelewa na msimamizi, mtu mkweli asiye na maneno mengi. Alituonyesha tangi lililofunguliwa tayari.

"Hili lazima lioshwe leo," akasema. "Nawapa mpaka king'ora cha chakula. Maji yakitoka, sitamwingiza mtu tangini tena, kazi itakuwa ya hiki chombo chenu na huyu mzee atakiendesha. Yasipotoka, anaingia yeye mchana huu huu."

Mjomba alikuwa ameegemea ukuta, buti miguuni, kamba kiunoni. "Msihangaike, wanangu," akatuambia. "Mkishindwa, mimi nipo."

Mlingoti alicheka. Mimi nilicheka. Msusi alikuwa anaitazama ile kamba.

Mama yake akatokea mbio, aproni kifuani, kitana kimechomekwa nyweleni, mkoba begani. "Nimemwacha mtu na nusu kichwa," akasema akihema. "Nimemwambia asiguse kitu." Akajikalia juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya Msusi, akiitazama runinga yetu.

Mteja aliingia mlango wa duara vizuri kabisa. Kwenye runinga tuliona sakafu ya tope, na mbele, upande wa kushoto, ule wavu uliozibwa. Msusi akasukuma kijiti kushoto. Mteja akaenda kulia, akajibamiza ukutani, na tangi zima likalia kama kengele ya shule. Msusi akaongeza kushoto. Mteja akazidi kulia, akafanya duara, akafanya duara jingine, mkono wake wa bati ukiwa umeinuliwa juu.

"Anafanya nini?" msimamizi akauliza.

"Anakagua," nikamjibu.

Mlingoti alinyanyuka ghafla, akagonga kichwa kwenye bomba, wala hakujali. "Hajawahi kwenda," akasema.

"Nani?"

"Mteja. Hajawahi kwenda popote. Siku zote amekuja."

Tulielewa wote kwa pamoja. Anayekuja, mkono wake wa kushoto uko upande wako wa kulia. Tulikuwa tumemjenga mtu anayejua kuja tu, na sasa alikuwa amekwenda, amesimama ndani ya tangi la chuma, kila kitu kichwani mwake kimepinduka. Kicheko kilinishika, kile kicheko kibaya cha msibani, ikabidi niume mkono wa shati langu.

"Mfungueni basi, mgeuze nyaya," akasema msimamizi.

Wote wakanitazama. Mimi nikatazama dari.

Tulijaribu. Msusi alikizungusha kisanduku, upande wake wa mbele ukaja kifuani kwake, na kweli kushoto kukawa kushoto, ila mbele kukawa nyuma, Mteja akatoka akirudi kinyumenyume hadi mlangoni na kutujia kwa mgongo kwa mara ya kwanza maishani. Akakirudisha, akajaribu kuwaza kinyume. Alifaulu hatua chache, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, halafu mikono ikasahau, na mkia wa waya ukaanza kujizungusha kwenye minyororo ya Mteja. Alijaribu tena. Ikawa vile vile. Nyuma yetu nilisikia mjomba akivuta barakoa yake na kuikung'uta vumbi, taratibu, bila haraka, kama mtu anayejiandaa kwenda kazini, maana ndiko alikokuwa anakwenda. Hamu yote ya kucheka ilinitoka. Msusi alizidi kukisukuma kijiti hadi kikawa kinagonga ukingo wa kisanduku.

Mama yake alikuwa ameanza kulia, kimya kimya. Wanja ukamshuka. Akafungua mkoba, akatoa kile kioo cha mkono cha saluni, chenye uso pande zote mbili, akakiinua ajifute. Msusi alimgeukia mama yake, bila shaka akitaka tu kuona uso wa mtu ampendaye. Badala ya uso akaona nyuma ya bega lake mwenyewe runinga yetu, ndogo, inang'aa ndani ya kioo. Kidole chake bado kilikuwa kinasukuma kijiti kushoto. Na Mteja, mle kiooni, akaenda kushoto.

"Mama," akasema, "usisogee."

"Nimefanya nini?"

"Usisogee tu."

Akaipa runinga mgongo kabisa. Akasimama mbele ya mama yake, kisanduku kifuani, macho kwenye kioo. Kioo hukipindua kila unachokiona, na sisi tulikuwa tumempindua Mteja, sasa kupinduka kukakutana na kupinduka, mambo yakakaa sawa.

"Inua," Msusi akasema. Mama akainua. "Shusha. Kushoto kidogo. Hapo hapo."

Mama yake alitambua hayo maneno. Miaka yote mtoto ndiye aliyeambiwa hivyo. Alikishika kioo kwa mikono miwili, machozi na wanja vikimfika kidevuni, akaacha kupumua ili kisitikisike.

Na hapo ndipo nilipomwona Msusi akiendesha. Zile chupa za soda hazikuwa kitu. Mteja alijizungusha akajinasua kwenye waya, akanyooka, akalipita tope kama bibi anayevuka dimbwi na viatu vipya, akafika kwenye wavu, akashusha mkono. Kwa! Kwa! Kwa! Bati likakwangua. Mlingoti alihesabia kila pigo kwa kichwa chake chenye nundu. Tope likang'oka vipande vipande.

Mjomba alikuwa amesogea mlangoni pa tangi, barakoa mkononi. Mazoea ni mazoea. Aliingiza kichwa kidogo, akaita kwa ile sauti yao ya kazini, "Upo?"

Msusi hakugeuka. Kidole gumba kikaenda kwenye kitufe.

Piii, likajibu tangi.

Mjomba akashika mdomo. Sijawahi kuona mtu akijitahidi namna ile asilie na asicheke kwa wakati mmoja.

Kisha tangi likabeua. Sina neno jingine. Kitu kilikoroma chini, wavu ukaachia, na maji yenye tope yakafyatuka kwenye mfereji wa nje kwa nguvu zote, yakamkuta msimamizi amesimama pale pale alipokuwa amesimama tangu asubuhi. Yalimjaa viatu, yakampanda suruali. Alitazama miguu yake. Akatutazama. "Yametoka," akasema, na hapo akaanza kucheka yeye wa kwanza, tukamfuata wote, wafanyakazi wakaja kuona kuna nini nao wakacheka bila kujua wanacheka nini. Mlingoti aliruka, mnaweza kukisia kilichotokea. King'ora cha chakula kililia katikati ya vurugu hiyo na hakuna aliyekijali. Kule saluni, mwanamke mmoja alikuwa bado amekaa na nusu kichwa, na alivyotusimulia baadaye, alikisikia king'ora akasema moyoni kwamba huyu msusi amehama mji.

Msusi peke yake hakucheka. Alibaki ameligeuzia tangi mgongo, kisanduku kifuani, macho kiooni, akitafuta. Kwenye kioo aliona mkono wa Mteja, aliona maji yanapungua, aliona mlango wa duara. Hakumwona mjomba. Pale alipokuwa amesimama palikuwa na kamba chini, imefunguliwa, na jozi ya buti.

"Mjomba," akaita. "Mjomba, upo?"

Kelele zilipungua. Tulitazamana. Mama mtu akashusha kioo.

Jibu lilitoka nje, uani, mbali kidogo, kinywa kimejaa.

"Nipo," akasema mjomba. "Na chakula changu leo hakuna wa kukigusa."

Ndipo Msusi alipokiweka kisanduku chini.